Sponji ya godoro haibebi kiti cha gari: yaliyotupata na Volkswagen ya mwaka 1966

Ukipeleka kiti cha gari la zamani kwa fundi, mazungumzo karibu yote yatakuwa ya kitambaa. Rangi gani, ngozi halisi au ngozi bandia, mishono ya kushuka au ya vyumba vyumba. Sponji itatajwa mwishoni, tena kwa maneno mawili matatu, "ya inchi tatu", kisha mnahamia kwenye malipo. Kazi ya ushonaji safi kabisa iliharibika mbele ya macho yetu ndani ya miezi michache kwa sababu ya kilichowekwa chini yake, na fedha iliyopotea ilikuwa yetu. Kwa hiyo hapa nitaeleza sponji kwa kirefu, na kitambaa nitakipitia juu juu.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1966. Baba alilinunua likiwa limeshatumika, enzi akifanya kazi kwenye shamba la mkonge huku Tanga. Wanaume wa rika lake walikuwa na imani kubwa na Beetle. Injini yake hupozwa kwa hewa, haidai maji ya rejeta katikati ya safari, na mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda nayo mbio za Safari, wakati mbio hizo zikipita nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Leo baba ana umri mkubwa, haendeshi tena, lakini anapenda kupelekwa. Hukaa mbele upande wa abiria, na mgongo unamsumbua miaka mingi. Kwetu kiti hakikuwa jambo la urembo.

Tulipofumua viti vya mbele ulimwagika unga wa kahawia, mwingi, wenye harufu ya mpira wa zamani. Mama alikuwa barazani. Akaja, akaokota vipande vilivyobaki, akavisugua kati ya vidole, akasema, "Haya si makumbi haya?" Na kweli yalikuwa makumbi ya nazi. Mama amekulia Pangani. Amezika makumbi ufukweni, ameyafukua baada ya miezi, ameyaponda na kusokota kamba za usumba. Asingeweza kukosea. Viwanda vya magari vya enzi hizo vilichukua nyuzi za makumbi, vikazinyunyizia mpira wa asili, vikazikandamiza kwenye umbo la kiti na kuzipasha joto mpaka mpira ukashikamana. Chini kabisa springi, juu yake gunia, juu ya gunia pedi hiyo ya makumbi, kisha kitambaa.

Nilikaa na mabaki yale muda mrefu nikiyatazama, kwa sababu yalikuwa yamebeba watu kwa zaidi ya nusu karne. Nyuzi nyingi zilikuwa bado ngumu. Kilichokufa ni mpira uliozishika: ulikauka, ukakatika, ukawa ule unga. Pedi ya aina ile haizami, na hewa hupita ndani yake kwa uhuru, ndiyo maana viti vile havikumlowesha mtu jasho mgongoni hata kwa joto letu la Februari. Kitu chochote utakachoweka badala yake kinatakiwa kufanya kazi hizo mbili. Wakati ule sikuwa nimelifikiria jambo hili kwa namna hiyo, na hakuna aliyetuuliza.

Fundi wa kwanza alikuwa fundi makochi, mkono wake kwenye cherehani ni mzuri kweli. Alitupa mabaki yote, magunia na pedi, siku ileile. Hili usikubali. Hata pedi iliyooza inakuonyesha umbo la mdomo wa kiti, mahali palipoinuka na palipobonyea, na unene wa pembeni ambako watu hawakalii. Iweke kwenye mfuko mpaka kazi iishe. Kisha akalaza sponji ya godoro ya inchi tatu moja kwa moja juu ya springi, akavuta ngozi bandia, akafunga. Kwa viti viwili tulilipa shilingi 420,000, na katika hizo sponji ilikuwa 45,000 tu. Hesabu hiyo peke yake ingetosha kutushtua: sehemu inayobeba mzigo wote ilichukua karibu moja ya kumi ya bei.

Siku ya kwanza ilikuwa raha. Kiti kimejaa, kinang'aa, baba akakaa akatabasamu. Mimi niliyeendesha niliona jambo dogo, kwamba mapaja yangu yanakaribia usukani kuliko zamani na kichwa kiko karibu na paa, lakini nikadhani nitazoea. Ndani ya miezi michache mapaja yakashuka yenyewe, kwa sababu sponji ilikuwa inakufa. Katikati ya kikalio pakawa na bonde. Ngozi bandia iliyokuwa imevutwa ikalegea ikaweka mikunjo. Halafu springi zikaanza kusikika kwenye makalio, moja moja.

Safari iliyotuumiza ni ya Lushoto. Kutoka Mombo barabara ni kona juu ya kona, na mtu aliyekaa kwenye bonde hana pa kujishikilia. Kila kona kiwiliwili chake kinayumba na kiuno kinafanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na kiti. Tulipofika Soni baba aliomba tusimame. Alishuka kwa kushikwa mikono, akasimama kando ya gari kwa muda mrefu bila kusema kitu. Baba si mtu wa kulalamika, na ukimya ule ulinichoma kuliko ambavyo maneno yangenichoma. Nilirudi Tanga nimeamua kiti kinafumuliwa tena.

Safari hii nilianza na sponji kabla ya fundi. Ngamiani kuna mzee aliyeshona viti vya malori na mabasi tangu zamani, sasa anafanya kazi chache tu. Nilimwamkia, nikampa kipande cha sponji yetu, nikamweleza. Hakukibonyeza. Alikiweka kwenye kiganja na kukipandisha kidogo, kama mtu anayekadiria uzito wa samaki, akanirudishia.

"Mwanangu, hii mliinunua kwa kubonyeza?"

"Ndiyo, mzee. Dukani ilikuwa ngumu kabisa."

"Ugumu ni wa siku ya kwanza. Kapime uzito."

Mengine yote niliyojifunza yameota kwenye jibu hilo, kwa hiyo nilieleze vizuri. Sponji ya siku hizi karibu yote ni poliuretani, plastiki iliyotokana na kazi ya mkemia Otto Bayer huko Ujerumani mwaka 1937, na ndani yake sehemu kubwa ni hewa. Densiti, yaani kilo ngapi za sponji zimo katika mita moja ya ujazo, inakuambia plastiki iliyomo ni nyingi au kidogo. Ikiwa kidogo, kuta za vile vitundu ni nyembamba, na kila unapokaa zinakunjwa, zinapasuka kidogo kidogo, mpaka siku moja hazirudi juu. Ugumu ni jambo jingine. Kiwanda kinaweza kutengeneza sponji nyepesi ikawa ngumu, kwa kubadilisha mchanganyiko wa kemikali, nawe ukaibonyeza dukani ukaridhika. Kinaweza pia kutengeneza nzito ikawa laini. Anayenunua kwa kidole anapima ugumu na kudhani amepima uimara.

Kupima densiti nyumbani hakuhitaji maabara. Kata mche wa sentimita 10 kwa 10 kwa 10. Huo ni ujazo wa lita moja, na uzito wake kwa gramu unalingana na densiti yake kwa kilo katika mita ya ujazo. Gramu 30 ni densiti 30. Mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha. Kama sponji ni nyembamba, panga vipande mpaka vifike sentimita 10 bila kuvikandamiza. Sponji yetu ya godoro ilisoma gramu 17. Sponji za viti vya magari zinazomiminwa kiwandani kwenye kalibu huwa kwenye 45 hadi 60 hivi. Nilipoona namba ile nilielewa kwamba mgongo wa baba ulikuwa umekalia theluthi moja ya kilichohitajika.

Kuna hila moja kwenye uzito ambayo lazima uijue. Duka moja liliniuzia kipande cha majaribio kilichoitwa "hai densiti", kikasoma 38, nikafurahi. Nilipokisugua kwa nguvu kati ya viganja kikaacha vumbi jeupe. Baadhi ya sponji hutiwa unga wa chokaa kwenye mchanganyiko ili ziwe nzito; chokaa inaongeza gramu, haiongezi uimara, na inazifanya zivunjike mapema zaidi. Kwa hiyo pima, kisha sugua, kisha ivute kwa vidole. Sponji nzuri inanyooka kabla ya kuchanika. Iliyojazwa chokaa inakatika mara moja, na pale ilipokatika panaonekana pakavu.

Jaribio la tatu ndilo ninaloliamini kuliko yote, kwa sababu linaangalia joto. Gari lililofungwa vioo juani linakuwa tanuri, na viwanda vyenyewe hupima sponji kwa kuibana kwa muda wa saa 22 kwenye joto la nyuzi 70 kisha kuangalia imerudi kiasi gani. Nami nilibana vipande kati ya mbao mbili mpaka vikabaki nusu ya unene, nikavifunga kwa kamba, nikaviacha ndani ya gari kutwa nzima, vioo vimepandishwa. Jioni nikavifungua, nikasubiri nusu saa, nikapima kwa rula. Sponji ya godoro ya sentimita 10 haikufika hata 9. Ile ya chokaa ilikuwa mbaya zaidi. Kipande kilichotoka kwenye kiti cha gari la Kijapani kilipungua milimita chache tu. Baada ya kuona hivyo sikuhitaji maoni ya mtu.

Kwa ugumu, chukua kipande kipana, angalau sentimita 40 kwa 40 na unene wa 10, kiweke juu ya mizani ya kujipimia mwili. Weka juu yake ubao wa duara wenye upana wa sentimita 20, ukandamize mpaka unene ushuke robo, yaani ubaki 7.5, kisha usome kilo. Kwa kikalio tuliridhika na sponji inayosoma kati ya 16 na 20. Kwa egemeo, ambalo halibebi uzito wote wa mwili, 11 hadi 13 inatosha, na hapa watu wengi wanaweka sponji ileile kote kwa kuwa imenunuliwa shiti moja. Egemeo gumu linamsukuma mtu mbele, kiuno kinabaki hewani. Mwenye mgongo mbovu atalijua hilo kabla hamjafika Muheza.

Mambo mawili madogo kuhusu aina ya sponji, hasa kwa sisi wa pwani. La kwanza, weka mdomo kwenye kipande upulize. Pumzi ikikataa kupita, hiyo ni ya vitundu vilivyofungwa, kama mikeka ya mazoezi, na ukiikalia safari ya saa tano utalowa. La pili, poliuretani ziko za msingi wa poliitha na za msingi wa poliesta, na hizi za poliesta zinaharibiwa na unyevu ukichanganyika na joto: zinanata, kisha zinakuwa unga. Sponji za kufungashia vifaa na za kuzuia sauti mara nyingi ni za poliesta. Mtu akikupa mabaki yake bure, yaache.

Nilifikiria pia kurudisha makumbi. Pedi mpya za makumbi na mpira kwa ajili ya Beetle zinauzwa Ulaya, na kama gari lako ni la kuingia mashindanoni na waamuzi wanafunua viti, hakuna mbadala wake. Lakini bei ya pedi pamoja na usafiri na ushuru ilizidi mara tatu ya gharama ya sponji zote nilizonunua baadaye, nikaacha. Mama alishauri tutafute makumbi hapa hapa tuyapange. Wazo lake nililipenda, ila nyuzi zisizoshikwa na mpira zinahama kila mtu anapokaa, zinakusanyika pembeni na kuacha katikati patupu, kama ambavyo wote tunakumbuka magodoro ya sufi yalivyofanya. Mpira wa asili wa sponji, yale magodoro mazito ya lateksi, ni mzuri sana kwa kukalia na unapumua, lakini ni mzito, ni ghali, na mafuta ya injini na jua kali ni adui zake.

Nilichochagua mwishoni kilitoka Dar es Salaam. Keko, kwenye mafundi wa samani, unaweza kupata sponji nzito ukisema densiti unayotaka na ukakubali kusubiri. Wanakuheshimu zaidi ukitoa mizani kwenye mkoba. Lakini moyo wa kiti niliupata Ilala, kwenye spea za mtumba. Viti vya nyuma vya magari ya Kijapani havikaliwi sana, na sponji yake imemiminwa kwenye kalibu, densiti ya juu, imetengenezwa kwa ajili ya joto la gari. Vipande nilivyokata vilisoma 52. Umbo lake halitaingia kwenye Beetle na usijaribu kulilazimisha. Unanunua kiti kwa ajili ya nyama yake tu. Kabla ya kulipa, inusa. Harufu ya ukungu maana yake gari liliingia maji. Fungua mikunjo uangalie kunguni, na ukifika nyumbani ifue kwa sabuni ya unga, uikaushe kivulini mpaka ndani kabisa. Jua linaunguza poliuretani: uso unakuwa wa njano, kisha unapukutika.

Mzee wa Ngamiani alikubali kushona, kwa sharti kwamba tuanze na springi. Hapa ndipo kazi ya kwanza ilipoanza kufa, na sponji ya bei yoyote ingekufa vilevile. Springi zenye kutu zina meno. Tulizisugua kwa brashi ya waya, tukazipaka rangi ya kuzuia kutu, mbili zilizovunjika tukazibadilisha. Juu yake likaja gunia zito la mkonge, likafungwa kwenye fremu pande zote kwa pete za waya, limekazwa. Kazi ya gunia ni kuzigeuza springi nyingi ziwe uso mmoja. Bila hilo kila springi inachimba shimo lake, na ukifumua utaona sponji imekatwa duara duara chini, kama yetu ilivyokuwa.

Juu ya gunia mzee aliweka tabaka la sentimita 1.5 la sponji ya vipande, ile ya rangi mchanganyiko inayotengenezwa kwa mabaki yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Ni ngumu na nzito, haifai kukaliwa moja kwa moja, lakini kama kizuizi kati ya springi na sponji laini ni bora kuliko kitu chochote nilichoona. Vipande vya aina hiyohiyo vilijenga mbavu za kiti na mdomo wa mbele, mahali ambapo mtu hujiburuza akiingia na kutoka. Kisha sentimita 5 za sponji ya Ilala. Juu yake sentimita 1.5 ya sponji laini zaidi yenye densiti 35, ili mwili upokelewe kabla ya kufika kwenye ugumu. Mwisho pamba nyembamba ya poliesta inayouzwa kwa mita, ambayo inaifanya ngozi iteleze na kukaa bila mikunjo.

Unene wa jumla tuliubishania. Mimi nilitaka kuongeza, kwa ajili ya baba. Mzee alikataa, na alikuwa na haki. Kwenye Beetle nafasi kati ya kiti na usukani ni ndogo, na ukimpandisha dereva unabadilisha pia namna anavyokanyaga klachi. Kipimo hakichukuliwi kwenye sponji ya zamani ya katikati kwa sababu imeshashuka. Tulikichukua kwenye ukingo wa nje wa kiti cha abiria, na kwenye upana wa utepe wa pembeni wa kitambaa cha asili, ambao unakuambia kiwanda kilitaka kiti kisimame kiasi gani. Sponji yenyewe ilikatwa kubwa kuliko kitambaa kwa kama sentimita moja kila upande. Ikiwa sawasawa na kitambaa, ngozi haitakazika. Ikizidi sana, mishono itafumuka mtu akikaa kwa kishindo.

Kwa kukata, mkasi unabana sponji na kuacha ukingo uliopinda. Tumia kisu kirefu chembamba kilichonolewa sana, au bledi ya msumeno wa chuma, ukivuta mara ndefu bila kukandamiza. Waya wa moto unakata vizuri lakini moshi wa poliuretani una sumu, sianidi ikiwamo, na karakana nyingi hazina hewa ya kutosha. Gundi ipakwe pembeni tu, ikae mpaka isinate kidoleni, ndipo tabaka zikutanishwe. Katikati usipake. Gundi ikikauka inakuwa ngumu, utaihisi ukikaa, na inaziba njia ya hewa.

Gharama ya mara hii: sponji zote 160,000, ufundi 150,000, springi, gunia na rangi 40,000. Ngozi bandia ya kwanza tuliiokoa, mzee akaifumua na kuibana upya. Nauli ya Dar sijaihesabu. Tungeanza hivi, tungelipa jumla ya kama 700,000 mara moja kwa kiti cha miaka mingi. Badala yake tumelipa 770,000 na baba ameteseka katikati. Tofauti ya fedha si kubwa. Ya mateso ni kubwa, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Viti vya mbele vimekaa vizuri. Nimekuwa nikiweka rula kwenye ukingo na kupima katikati ya kikalio kila nifanyapo sevisi, na mshuko umekuwa wa milimita chache za mwanzo, kisha ukatulia. Hiyo ni kawaida. Sponji yoyote mpya hushuka kidogo. Baba amekwenda Lushoto tena na tulipita Soni bila kusimama.

Kiti cha nyuma hatujakigusa, kwa kuwa makumbi yake bado yameshikana. Lakini kwa mwenye Beetle kuna jambo la kiti hicho ambalo halingoji. Betri iko chini yake, upande wa kulia, na springi za kiti ni chuma. Mtu mzito akikaa upande ule, au sponji mpya laini ikishuka kuliko pedi ya asili, springi zinaweza kugusa vichwa vya betri, cheche zikaingia kwenye makumbi makavu au kwenye sponji. Magari yameungua kwa njia hiyo. Marekani tangu mwaka 1972 ina kanuni kwamba vitu vya ndani ya gari visiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika, lakini gari la 1966 halikutengenezwa chini ya kanuni hiyo, na sponji ya godoro haikutengenezwa kwa ajili ya gari kabisa. Betri ifungwe kwa mkanda wake isiruke, iwe ya kimo kilekile cha asili, na ifunikwe na kifuniko kisichopitisha umeme. Kisha paka chaki juu ya kifuniko, rudisha kiti, mwombe mtu mzito kuliko wote nyumbani akae upande wa kulia na ajirushe kidogo. Inua kiti utazame chini yake. Springi zikiwa na chaki, ongeza unene wa sponji upande huo au utafute betri fupi kabla gari halijatoka.